Je, ARV Zinaweza Kupumzishwa?

Leo tunajibu swali ambalo wengi huuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, nimemeza ARV miaka mingi. Nina nguvu, nalima, nalea watoto. Siwezi kupumzika kidogo?"

Swali hili si geni. Hata wataalamu waliwahi kujiuliza.

Kisa cha kwanza cha ukimwi nchini Kenya kilitambuliwa mwaka wa 1984. Kufikia 1999, Rais Daniel arap Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa, tayari ilijulikana kwamba dawa tatu zikimezwa pamoja huzuia virusi kuzaana. Lakini bei yake ilikuwa ya kutisha, na wengi walizikwa dawa zikiwa dukani. Sheria ya mwaka wa 2001 ilifungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu, na baadaye ARV zikatolewa bila malipo katika hospitali za umma.

Waliokuwa wamelala kitandani waliinuka. Hata hivyo, dawa za miaka hiyo zilikuwa na madhara. Stavudine, kwa mfano, iliwaletea wengine ganzi na maumivu ya miguu, na mashavu yakabonyea. Ndipo ikafikiriwa: je, mgonjwa ambaye kinga yake imepanda akipumzishwa, hataepuka madhara haya?

Utafiti ulioitwa SMART ulijaribu jambo hilo kwa watu 5,472 katika nchi 33. Kundi moja lilimeza dawa bila kukoma. Kundi la pili liliacha kinga ilipopanda, likaanza tena iliposhuka. Mwezi wa Januari 2006 mpango huo wa kupumzika ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Waliopumzika waliugua magonjwa nyemelezi au kufa zaidi ya mara mbili kuliko wenzao. Hata maradhi ya moyo, figo na ini yaliwapata wao zaidi.

Kwa nini? Kwa sababu ARV haziviui virusi vyote. Vingine hujificha mwilini, na dawa ikikoma huamka na kuzaana upya.

Msikilizaji, mengi yamebadilika tangu hapo. Stavudine iliachwa, na dolutegravir, yenye madhara machache, ikaingia. Anayeanza dawa mapema na kuzimeza kila siku anaweza kuishi karibu miaka sawa na asiye na virusi. Virusi vyake visipoonekana katika vipimo, hamwambukizi mwenzi wake kupitia ngono.

Kwa hivyo, usipumzishe dawa. Zikikusumbua, mwambie daktari akubadilishie. Unapokwenda kliniki, omba pia upimwe shinikizo la damu na sukari. Nawe mama, upimwe saratani ya mlango wa kizazi. Na kama uliacha, usione haya. Rudi kliniki kesho. Mlango uko wazi.