Mbao Mbichi na Kikomo cha Kushiba

Mbao za paini zinazoshushwa kutoka Mufindi mara nyingi hufika mjini zikiwa nzito, zinanuka utomvu, na ukipigilia msumari maji huchuruzika pembeni mwa kichwa chake. Mafundi huziita mbao mbichi, na jina hilo linatosha. Anayeandika "mbao za kijani" amefasiri neno la Kiingereza tu. Hali ya ubao hajaitaja.

Ila ubichi si kulowa. Ubao mkavu ulionyeshewa umelowa. Ukianikwa, hurudi ulivyokuwa. Ubao mbichi bado una maji ya mti uliosimama, nayo yamekaa mahali pawili: mengine ndani ya matundu ya seli, mengine yameshikwa na kuta za seli zenyewe. Ya kwenye matundu hutangulia kutoka. Hapo ubao huwa mwepesi, lakini upana wake ni uleule. Matundu yakishakuwa matupu huku kuta bado zimejaa maji, ubao umefika mahali ninapopaita kikomo cha kushiba. Unyevu wake hapo ni asilimia 30 hivi ya uzito wa ubao uliokaushwa kabisa. (Ndiyo maana unyevu wa mti uliokatwa jana unaweza kuzidi asilimia 100.) Nimechagua "kikomo" nikaacha "kiwango", kwa sababu viwango vya unyevu ni vingi, lakini ni chini ya hiki kimoja ndipo ubao huanza kusinyaa.

Tuitazame meza ya uani. Chukua ubao wa upana wa milimita 150, wa aina inayosinyaa asilimia 7 ikikaushwa kabisa. Kutoka kwenye kikomo hadi asilimia 15, utapoteza nusu ya hiyo, yaani milimita 5 hivi. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo mbao mbichi za juu ya meza zibananishwe. Nafasi za kupitisha maji ya mvua zitajitokeza zenyewe. Ubao mpana usibanwe kwa skrubu kwenye kingo zote mbili, kwani utataka kusinyaa, ukizuiwa utapasuka. Skrubu moja katikati ya upana inatosha, na ikihitajika ya pembeni, tundu lake litobolewe pana.

Upande wa kiini cha mti uelekee juu. Ubao ukikauka hujikunja kuelekea upande wa gome, hivyo uso wa meza utainuka kidogo katikati na maji hayatatuama. Bolti za miguu zikazwe tena baada ya miezi michache, na rangi ya mafuta isubiri hadi mbao zikauke.

Nawaomba wauza mbao waandike kwenye bei kama mbao ni mbichi au kavu. Anayelipia inchi sita za ubao mbichi hatabaki na inchi sita.