Mgeni wa Reli Aliyejenga Mji

Katika yubile yetu twawakumbuka wageni wengi waliokuja, wakakaa, wakajenga. Twapenda kuongeza habari za mgeni mmoja wa Afrika ya Kusini, asiyekuwa mhubiri wala mwalimu bali mtu wa reli, kwa kuwa maisha yake yana mafundisho kwa kila aliyekabidhiwa mali ya watu wengi.

James Douglas Logan alizaliwa Reston, katika nchi ya Scotland, mwaka 1857. Mwaka 1877 alipanda merikebu iendayo Australia. Nayo ikaharibika njiani, ikaingia bandari ya Simon's Town, karibu na Cape Town. Logan akashuka, akatafuta kazi, akaandikwa mchukuzi wa mizigo katika stesheni. Kwa kuwa alikuwa mwepesi na mwenye bidii, haukupita muda mrefu akawa mkuu wa stesheni ya Cape Town, kisha akawa msimamizi wa sehemu ya njia ipitayo katika Karoo, nchi kavu yenye mvua chache.

Siku zile magari ya moshi hayakuwa na behewa la chakula. Wasafiri walishuka stesheni, wakala upesi, wakapanda tena. Logan aliona haja hiyo, akaacha kazi ya serikali, akashika biashara ya kuwalisha wasafiri. Tena kifua chake kilikuwa dhaifu, na hewa kavu ya Karoo ikamfaa. Hivyo mwaka 1884 alianza kazi yake Matjiesfontein, mahali palipokuwa stesheni tu, nyika kila upande.

Alinunua ardhi, akapanda miti, akajenga nyumba, duka na hoteli. Alileta maji kwa mabomba, akaiuzia reli, maana injini za moshi hunywa maji mengi mno. Akatia taa za umeme, mapema kuliko miji mingi ya nchi ile. Wagonjwa wa kifua walikuja kutafuta afya, na Olive Schreiner, mwandishi mashuhuri, alikaa pale tangu 1890. Hapakuwa na meya aliyechaguliwa. Mwenye ardhi, mwenye maji na mwenye kutoa kazi alikuwa mmoja; watu wakamwita kwa jina la mabwana wa nchi kwao, laird.

Lakini neema ina majaribu yake. Mwaka 1892 waziri aliyesimamia reli, Sir James Sivewright, aliyekuwa rafiki yake Logan, alimpa mkataba wa kuuza vyakula katika reli zote za serikali kwa miaka mingi, pasipo kuwaita wengine washindane bei. Jambo lilipofunuliwa, mawaziri watatu, Innes, Merriman na Sauer, walikataa kuketi pamoja na Sivewright. Mkataba ukavunjwa, na mwezi wa Mei 1893 Waziri Mkuu, Cecil Rhodes, akajiuzulu, akaunda serikali nyingine. Basi serikali nzima ilianguka kwa sababu ya chai na mkate wa stesheni!

Logan hakuanguka pamoja nayo. Baadaye aliingia Bunge la Koloni. Hoteli yake mpya, iliyojengwa 1899, ilitumika kama hospitali wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu. Alikufa mwaka 1920, akazikwa karibu na mji wake, na hoteli ile ingali imesimama hata leo.

Twamsifu kwa nini, na twamwonya nani? Nabii Yeremia aliwaagiza waliohamishwa Babeli wautafutie heri mji wa ugeni wao. Logan aliutafutia heri, na maji na miti ni mashahidi wake. Lakini wema wa mtu hauondoi haja ya hesabu. Neno lililotendwa sirini kwa ajili ya rafiki huwa deni la watu wote, hata likiwa dogo.

Miji yetu mingi nayo ilizaliwa na reli, kama Nairobi mwaka 1899, na makanisa yetu yamejengwa kwa senti za wengi. Kwa hiyo, enyi walimu na wazee wa kanisa, kandarasi ya bati na matofali itangazwe mbele ya wote, na hesabu zisomwe waziwazi. Anayejenga kwa mikono safi hana haja ya kuficha daftari lake.