Plazmoni: Jinsi mwanga unavyodhibitiwa ndani ya chipu

Makala unayosoma huenda imesafiri maelfu ya kilomita ikiwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo kabla ya kufika kwenye simu yako. Kompyuta, hata hivyo, huchakata taarifa kwa umeme. Kila mara umeme unapogeuzwa kuwa mwanga, huhitajika kifaa maalumu kinachochukua nafasi na kutumia nishati.

Kwa nini ni vigumu kukipunguza kifaa hicho?

Mwanga wa mawasiliano una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 1,550. Katika njia ya kawaida ya silikoni, hauwezi kubanwa chini ya takriban nusu ya urefu wa wimbi lake humo. Transista za kisasa ni ndogo zaidi ya hapo.

Plazmoni ni nini?

Katika mazingira yanayofaa, mwanga ukifika kwenye uso wa metali kama dhahabu, elektroni za usoni huyumba pamoja nao. Mwanafizikia wa Marekani Rufus Ritchie alilieleza jambo hili kinadharia mwaka 1957. Wimbi hilo hushikamana na metali, na laweza kupita katika ufa wa makumi machache ya nanomita kati ya vipande viwili vya dhahabu.

Linadhibitiwa vipi?

Mwanga hugawanywa katika nyufa mbili zilizojazwa dawa ambayo hubadili kasi ya mwanga inapopata volti. Mawimbi yakikutana tena yakiwa sambamba, mwanga hupita. Yakipishana kwa nusu wimbi, hufutana. Hivyo umeme huandika moja na sifuri.

Mwaka 2015, watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, na wenzao walitangaza kifaa cha aina hii chenye urefu wa mikromita 10, kinachofanya kazi hadi gigahetsi 70 na kutumia femtojuli 25 kwa kila biti.

Gharama yake ni ipi?

Elektroni za metali hugongana, na mwanga hugeuka joto baada ya makumi machache ya mikromita. Kwa hiyo wahandisi huiacha silikoni ibebe mwanga safari nzima, na dhahabu hutumiwa pale tu unapodhibitiwa. Njia fupi hupoteza mwanga kidogo, lakini ikifupishwa mno, volti kubwa zaidi huhitajika. Kupata uwiano huo ndiyo kazi kubwa ya fani hii.