Kombe wa kufugwa: Je, wanasikia maumivu?

KOMBE, mnyama wa baharini wa jamii ya chaza anayeishi kati ya magamba mawili, hana ubongo. Anazo jozi tatu za mafundo ya neva: moja karibu na mdomo, nyingine katika mguu anaochimbia mchanga, na ya tatu karibu na msuli wa kufungia magamba. Akiguswa hujifunga mara moja. Kinachobishaniwa ni iwapo kujifunga huko huambatana na maumivu, au ni mwitikio wa mwili tu.

Mwanafalsafa Peter Singer, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu haki za wanyama, aliweka mpaka wa hisia mahali fulani kati ya kamba na chaza. Katika toleo la mwaka 1990 alibadili msimamo, akiona kuwa shaka ikiwapo ni heri kutowala.

Sheria nazo zimepiga mstari. Uingereza, mwaka 2022, iliwatambua pweza, ngisi, kaa na kamba kuwa viumbe wenye hisia, sambamba na wanyama wenye uti wa mgongo. Kombe hawakutajwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 kuhusu uchinjaji haiwagusi kombe wala kaa.

Pengo hilo linaonekana wazi nchini Italia, kwenye delta ya mto Po, katika maeneo kama Goro na Scardovari. Tofauti na kombe wa pwani yetu, ambao akina mama huwaokota maji yakipwa, wale wa huko hufugwa. Aina inayofugwa ina asili ya Asia na iliingizwa Venice mwaka 1983. Mbegu humwagwa kwenye maji ya kina kifupi, na mfugaji halishi chochote, kwa kuwa kombe huchuja vijimea vinavyoelea majini. Huvunwa na kuuzwa hai. Asiyejifunga huhesabiwa amekufa na hutupwa. Waliobaki huishia kwenye mvuke wa sufuria wakiwa hai.

Mwaka 2023 wafugaji hao walivamiwa na kaa wa buluu, mwenye asili ya pwani ya Atlantiki ya Amerika, aliyevunja magamba na kuteketeza sehemu kubwa ya kombe. Mwezi Agosti mwaka huo, Serikali ya Italia ilitenga euro milioni 2.9 ili kaa hao wavuliwe kwa wingi.

Kwa hiyo, anayeuawa ili kombe wapone ndiye mwenye ushahidi mzito zaidi wa kusikia maumivu. Jopo la watafiti wa London lililoongozwa na Jonathan Birch lilipitia zaidi ya tafiti 300 mwaka 2021, na likashauri kaa wasichemshwe wakiwa hai pale penye njia nyingine, bali wapoteze fahamu kwanza. Kanuni ya Ulaya haisemi wale wanaonaswa mitegoni huko Po wauawe vipi.