Kinyota: alama ya kosa au ya sahihisho?

KATIKA uakifishaji tunaofundisha shuleni, kinyota hutangulia neno au sentensi yenye kosa. Ukiandika *watoto amelala, msomaji anajua umemwonyesha kisichokubalika. Sasa ingia katika grupu la WhatsApp hapa Rusinga. Mtu anaandika "mkutano ni kesgo", kisha chini yake "*kesho". Kinyota kimehama upande: kinatangulia neno sahihi.

Wapo walimu wanaolalamika ati vijana wamekipindua. Sikubaliani nao. Katika karne ya 3, Origen, msomi wa Aleksandria, Misri, alilinganisha matini za Biblia katika kazi yake Hexapla. Alitumia kinyota kuonyesha maneno yaliyokuwa katika Kiebrania lakini yakakosekana katika tafsiri ya Kigiriki. Kilijaza pengo, kama kwenye simu leo. Hawa wanaisimu ndio wageni: ni katika karne ya 19 ambapo Mjerumani August Schleicher alikieneza kama alama ya umbo la kale lisilopatikana katika maandishi yoyote. Ndiyo sababu wataalamu wa Kibantu huandika *-ntu wanapotafuta asili ya mtu.

Enzi za SMS kusahihisha kulikuwa na bei. Nani angelipia ujumbe wa pili kwa sababu ya herufi moja? Kinyota tulikibonyeza kwa *144# tu, kuangalia salio.

Ila kuna jambo linaloniuma zaidi ya historia. Wengi kisiwani ni Wasuba kwa asili lakini wamelelewa katika Dholuo, na Dholuo haina sauti ya sh. Mtu akiandika "sule", je, ni kidole kilichoruka h au ni ulimi wake? Akiongeza mwenyewe "*shule", basi ni kidole, mambo yanaendelea. Akiongezewa na mwingine, tena kwa emoji za kicheko, hapo si tahajia inayosahihishwa; ni kabila linalochekwa. Nimeona watu wazima wakinyamaza wiki nzima baada ya kinyota kimoja cha namna hiyo.

Mwezi Mei 2023 WhatsApp iliruhusu mtu kuhariri ujumbe wake ndani ya dakika 15. Kosa langu sasa nalifuta kimyakimya, bila kinyota. Lako siwezi kulihariri. Nahofia kwamba vinyota vitakavyobaki kwenye magrupu yetu vitakuwa vile vya kusahihishana.