Kuvuma

Ngoma ya sengenya ikivuma Msambweni, ni sifa. Amplifaya ya kuundwa nyumbani ikivuma, mwenyewe hushika bisibisi. Kitenzi kimoja, hukumu mbili. Kuvuma ni kutoa sauti nzito isiyokatika: ya kusi, ya nyuki, ya bahari ya Diani kule mwambani. Humo ndimo ulimozaliwa uvumi, na papa wa methali, avumaye baharini kumbe wengi wapo.

Lakini fundi asiite kila kelele mvumo. Umeme wa Kenya hurudia wimbi lake mara 50 kwa sekunde. Ukishapita kwenye dayodi nne, mapigo huwa 100. Mvumo wa 100 mara nyingi ni kapasita za kuchujia zilizochoka. Ule wa 50 huletwa na transfoma iliyokaribiana na nyaya za sauti, au nyaya za ardhini zilizofanya kitanzi. Punguza sauti: mvumo ukipungua nayo, chanzo kiko kabla ya kitufe cha sauti; ukibaki vilevile, anzia kwenye pawa. Soketi iliyoliwa na chumvi ya pwani hukwaruza. Spika iliyochanika, hiyo hukoroma.

Wapo wanaokata waya wa ardhini ili mvumo uishe. Huenda ukaisha kweli, ila siku waya wa moto ukigusa sanduku la chuma, volti 240 zitampitia mwenye kulishika. Kusanya ardhi za saketi mahali pamoja. Waya wa ardhini wa sanduku uache ulipo.