Siku ya Ishirini na Nane

Mama mdogo alikuwa akikanda unga wa chapati jikoni kwake, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, mvua ikipiga bati kwa namna ambayo sisi watu wa Rungwe hatuihesabu tena kuwa kelele. Nilimwomba donge moja. Nikalitandaza kwenye kibao cha kusukumia hadi likawa kama soli ya kiatu cha mtoto, kisha nikainua kingo zake mbili na kuzikutanisha juu. Nilianza kubana katikati, nikapanda kuelekea upande wa kichwa, nikashuka kuelekea mkiani. Likawa bomba.

"Hiki ndicho kinachokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo," nikamwambia.

Aliangalia upande wa mkiani, ambako vidole vyangu havikuwa vimebana sawasawa. Palikuwa na uwazi mdogo.

"Na hapa pakibaki hivi?"

"Ndiyo mgongo wazi, mama."

Alirudi kwenye sufuria yake. Mama mdogo alizaa mtoto wa kiume mwenye mgongo wazi nilipokuwa darasa la sita. Kichwa nacho kilianza kukua kupita kiasi, na hakutimiza mwaka. Ninachokumbuka zaidi kuliko mazishi ni maswali aliyoulizwa. Jirani mmoja aliuliza kama alibeba mkungu wa ndizi mimba ikiwa kubwa. Mwingine aliuliza kama aligombana na mtu. Mhudumu mmoja wa afya alimwuliza kwa nini alichelewa kuanza kliniki, mbele ya watu, kwa sauti. Kila swali lilikuwa la mwezi wa tano, wa sita au wa nane. Hakuna aliyeuliza kuhusu mwezi wa kwanza, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba mwezi wa kwanza una la kujibu.

Mimi mwenyewe nililijua hilo nikiwa chuoni, na nusura linipite. Embriolojia, yaani elimu ya jinsi kiinitete kinavyojijenga, tulifundishwa kwa slaidi. Picha moja ilionyesha kiinitete kilichokatwa kwa upana: duara, ndani yake duara dogo, mishale na majina. Tulikariri majina, tukafaulu mtihani. Sasa nasoma shahada ya uzamili katika anatomia, na nimepewa vipindi vya kusaidia kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wiki ya kwanza niliwauliza lile duara limetoka wapi. Darasa lilinyamaza. Hawakuwa wavivu, walikuwa kama mtu aliyeonyeshwa picha moja ya mechi halafu akaulizwa bao lilifungwaje.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma historia ya somo lenyewe, nikitafuta waliotutangulia walifanyaje.

Tatizo ni la kale. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alieleza jinsi kifaranga kinavyokua, yai likifunguliwa siku baada ya siku, na akaandika kwamba siku ya tatu moyo unaonekana kama nukta ya damu inayodundadunda. Yai lilikuwa dirisha. Binadamu hana dirisha hilo. Kiinitete chake katika wiki ya nne kina urefu wa milimita chache tu, na kimefichwa mahali ambapo hata mwenye mimba hana habari nacho.

Katika karne ya 19 wanaanatomia wa Ulaya walipata njia ya kukifikia. Wilhelm His, mwanaanatomia aliyefundisha Basel na kisha Leipzig, aliunda mashine ya kukata kiinitete vipande vyembamba sana vya kutazamwa kwa hadubini. Lakini mashine hiyo ilizaa tatizo jipya. Ukishakata kitu vipande mia, umepata kila kitu isipokuwa umbo. Kwa hiyo His alifanya kazi ya kurudi nyuma: kutoka kwenye vipande, alijenga upya umbo zima kwa nta, likiwa limekuzwa mara nyingi. Mjini Freiburg, Adolf Ziegler na baadaye mwanawe Friedrich waliigeuza kazi hiyo kuwa biashara. Vielelezo vyao vya nta viliuzwa kwa vyuo vya nchi nyingi na kuonyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893.

Kuna jambo la His lililonifanya nicheke peke yangu maktabani. Katika kitabu chake cha mwaka 1874 alieleza kujikunja kwa ubongo wa kiinitete kwa kutumia bomba la mpira. Alilipasua, akalikunja, akaonyesha kwamba mikunjo inayofanana na ya ubongo hujitokeza yenyewe ukilibana. Profesa mzima wa Ujerumani, na bomba la mpira mkononi. Nilifikiria mipira ya baiskeli inayoning'inia kwa mafundi pale stendi ya Tukuyu.

Wajerumani hawakukaa mbali nasi. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na Tukuyu ya wakoloni ikaitwa Neu Langenburg. Shule zilifunguliwa, Biblia ikasomwa, zahanati zikafuata. Nta ya Freiburg, ninavyoona mimi, haikuwa katika mizigo hiyo.

Lakini tusidhani kwamba huku watu walikaa bila vielelezo. Mwaka 1956 vilitoka vitabu viwili vinavyofaa kusomwa pamoja. Hans Cory, aliyefanya kazi serikalini Tanganyika, alichapisha kitabu kuhusu vinyago vya udongo vilivyotumika kufundishia vijana katika jando na unyago. Audrey Richards alichapisha *Chisungu*, juu ya unyago wa Wabemba, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini magharibi, aliouona mwaka 1931, ambamo vyombo na sanamu za udongo vilifinyangwa kwa ajili ya mafunzo. Somo halikutolewa kwa maneno matupu. Kulikuwa na kitu cha kushika, wimbo wa kukifungua, na mtu mzima wa kukieleza. Mafunzo hayo hayakuhusu mrija wa neva, bila shaka. Yalihusu ndoa, uzazi na heshima. Ila mbinu ni ileile ya Freiburg: jambo lisiloonekana lipewe umbo, na umbo liingie mkononi mwa anayejifunza.

Kwa upande wa Rungwe, Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti hapa kati ya 1934 na 1938. Katika kitabu chake cha 1957 kuhusu ibada za ukoo za Wanyakyusa, Monica alieleza jinsi kuzaliwa kwa mapacha kulivyotia hofu, na wazazi wakatengwa hadi ibada yao ikamilike. Wengine husoma kurasa hizo na kuona ushirikina tu. Mimi naona watu waliokabiliwa na jambo lililotokea tumboni, gizani, wakatafuta maelezo kwa vifaa walivyokuwa navyo. Maelezo yanayotafutwa gizani mara nyingi humwangukia mzazi. Yalimwangukia mama mdogo pia, miaka mingi baadaye, na mmoja wa walioyatamka alikuwa amevaa koti jeupe.

Mwaka 1963 chuo cha udaktari kilianza Dar es Salaam. Mwaka huohuo kilitoka kitabu cha embriolojia cha Jan Langman, ambacho kwa matoleo yake mengi kimelea madaktari wa nchi nyingi, sisi tukiwamo. Ni kitabu kizuri. Lakini kitabu ni karatasi, na fotokopi ya fotokopi ni karatasi yenye kivuli. Tabaka tatu za kiinitete, zenye rangi tatu kwenye toleo halisi, kwetu zilifika zote zikiwa za kijivu.

Siku hizi kuna zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Amsterdam walitoa bure atlasi ya kidijitali ya kiinitete cha binadamu. Walichukua picha za vipande karibu 15,000, wakachora mipaka ya viungo kipande kwa kipande wakisaidiwa na wanafunzi wengi, kisha kompyuta ikajenga maumbo unayoweza kuyazungusha, kuyafungua na kuondoa ngozi ili uone moyo. Ndiyo kazi ya His, nta ikiwa imegeuka kuwa mwanga. Mara ya kwanza nilipouzungusha mrija wa neva kwa kipanya, nilielewa kwa dakika kumi kitu nilichokuwa nimekikariri kwa miaka mitatu.

Niliuliza vipande hivyo vilitoka kwa nani. Msingi wake ni mkusanyiko wa Carnegie, uliolelewa Baltimore, Marekani, na idara iliyoanzishwa mwaka 1914 chini ya Franklin Mall. Una viinitete maelfu, vilivyotoka kwa wanawake walioharibikiwa mimba au waliofanyiwa upasuaji, wengi wao katika zama ambazo daktari hakuona haja ya kuomba ridhaa. Viinitete vilipewa namba. Majina ya mama zao hayakuingia kwenye masomo yetu. Nikifundisha kwa atlasi hiyo sasa huanza kwa kulisema hili, kabla hatujazungusha chochote.

Kisha kuna shida za kawaida. Mafaili ya atlasi yanataka kompyuta na programu maalumu. Wanafunzi wangu wengi wana simu tu, na bando la kuhesabu. Kwa hiyo nilirudi kwenye unga. Kila kikundi cha wanafunzi wanne kilipewa donge lenye rangi ya chakula na simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa. Sogeza ukingo kidogo, piga picha. Sogeza tena, piga tena. Picha arobaini zikiungwa pamoja zinakuwa video ya sekunde chache: sahani inainuka kingo, kingo zinakutana, bomba linafunga katikati kwanza, kisha juu, kisha chini. Ni nyepesi, inapita WhatsApp bila kulalamika. Kikundi kimoja kilikosea mpangilio, bomba likafungwa kuanzia mkiani, na ubishi uliozuka ulifundisha kuliko slaidi zangu zote. Niliwaambia waandike siku kwenye kila hatua. Kingo huanza kukutana karibu siku ya 22 tangu mimba kutungwa. Tundu la juu hufunga karibu siku ya 25. La chini, siku ya 27 au 28.

Siku ya 28 ndiyo niliyoipeleka jikoni kwa mama mdogo. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa kawaida, siku hiyo hedhi imechelewa wiki mbili tu. Wengi hawajawa na hakika kama ni mimba. Kliniki bado. Mwaka 1991 utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi saba ulionyesha kwamba asidi ya foliki, ikianza kutumiwa kabla ya mimba, ilizuia kasoro hizi kujirudia kwa asilimia 72 kwa akina mama waliowahi kupata mtoto wa aina hiyo. Kabla ya mimba, si kwenye hudhurio la kwanza. Ndiyo maana kanuni zetu za mwaka 2011 zikataka unga wa viwandani uongezwe virutubisho, asidi ya foliki ikiwemo. Lakini mahindi ya mama mdogo husagwa kwenye mashine ya kijijini, kama ya majirani zake wote. Muuguzi ambaye hajawahi kuliona bomba likifunga atagawa vidonge mwezi wa nne kwa moyo safi, na vidonge hivyo vina kazi nyingine nzuri, lakini mlango huu utakuwa umeshafungwa. Au umebaki wazi.

Nilimweleza haya yote huku chapati zikigeuzwa. Nilimwonyesha video ya wanafunzi. Aliitazama mara tatu, simu ameishika mbali na moto, mkono mwingine una unga.

"Kwa hiyo ule mkungu wa ndizi," akasema.

"Haukuhusika, mama. Wala ugomvi. Ilikuwa imeshatokea kabla hujajua una mimba."

Akahesabu kimyakimya, kwa vidole. Niliona midomo yake ikirudi nyuma, mwezi kwa mwezi.

"Nilikuwa napanda viazi," akasema. "Wiki hiyo nilikuwa napanda viazi, na nilikuwa na furaha."

Akaitazama video mara ya nne. Kisha akaniuliza inatumwaje. Binti yake, dada yangu Neema, aliolewa Kyela mwezi wa sita.

"Mtumie dada yako," akasema, akinirudishia simu. "Mtumie sasa hivi, na umweleze kwa sauti, asije akadhani ni mapishi."